Mfereji wa Nyuma ya Jikoni

Alhamisi saa kumi jioni, Debra, aliyekuwa amekuja kumsalimia mama yake, alimkuta amelala chali jikoni, nyumbani kwao Kilimani, na kando yake spana ya paipu yenye damu. Alikimbilia mfereji mpya wa nyuma apate maji ya kumpangusa uso. Akaufungua. Hakuna hata tone. Alirudi akampangusa kwa leso kavu, na tangu hapo akafa ganzi. Hakulia.

Sajini Okinyi wa upelelezi aliuliza swali moja tu: spana ya nani? Ilikuwa ya Were, fundi aliyeshinda pale asubuhi akiunganisha mfereji ule. Kabla ya giza kuingia Were alishakamatwa, tonge la ugali likiwa mkononi.

Kibe, kaka yake Debra, aliyeishi chumba cha nyuma, aliandikisha maelezo.

"Nilikuwa huko nyuma najaza mitungi, afande. Alhamisi ndiyo siku yetu ya maji. Na hiyo mfereji mpya inapiga kelele, singesikia kitu."

Hakuna aliyemshuku. Mtaa mzima hujaza mitungi siku ya mgao. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hukagua nguo zake siku ya msiba?

Ijumaa Debra alienda kituoni kumwona muuaji. Alitaka kumchukia, angalau ahisi kitu.

"Spana uliiacha kwa nini?" alimuuliza.

"Kazi haikuwa imeisha, madam," Were alisema. "Nilikata paipu, nikaunganisha na gundi, nikafunga mfereji. Hiyo gundi ya plastiki inataka kulala usiku mzima ndio ishike. Ukifungulia maji mapema, paipu inachomoka, uani kunakuwa mto. Kwa hivyo nikafunga koki ya mita, maji yasiingie nyumba yote, nikamwambia mathe wako nitarudi kesho."

"Koki tuliikuta imefungwa kweli," Okinyi alisema. "Lakini hiyo haimwokoi. Jumatatu anasomewa mashtaka ya mauaji."

Debra alisimama pale, mkoba kifuani. Alikumbuka mitungi ambayo Kibe alidai kuijaza, mfereji mkavu, na uani ambako viatu vyake havikulowa. Alijua angeweza kunyamaza. Angebaki na kaka, na mwana wa watu angefungwa maisha.

"Afande," alisema, "jioni kuna maombi kwetu. Kuja."

Sebule ilijaa jamaa. Maombi yalipokwisha, Debra aliongea kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari dukani.

"Kibe, jana mitungi ilijaa?"

"Ilijaa. Si nilisema?"

"Ilijaa maji gani? Were alikuwa amefunga koki, gundi ikauke. Nilifungua huo mfereji nikiwa na damu ya mama kwa mikono, haukutoa kitu."

"Basi… nilifungua koki nikafunga tena."

"Ungefungua, paipu ingechomoka," Okinyi alisema kutoka mlangoni. "Nimetoka kuiangalia sasa hivi. Imeshika, na mitungi yote iko na vumbi ndani. Ulikuwa wapi, kijana?"

Kibe alitazama shangazi zake mmoja mmoja. Hakuna aliyemtetea.

"Mama alikuwa anakupea nusu ya shamba ya Limuru!" Kibe alimfokea Debra. "Wewe umeolewa Bungoma! Shamba ya guka, babu yetu, iende kwa watu wa Bungoma? Nilimwambia. Akanicheka, akanigeuzia mgongo, aendelee kukata sukuma wiki. Spana ilikuwa hapo tu."

Okinyi akamfunga pingu. Debra aliungoja uchungu uje, haukuja.

Were aliachiliwa usiku huohuo. Sebuleni shangazi Nyokabi alikuwa ameshika kalamu, akiandaa tangazo la mazishi.

"Debra, tuandike mama ya nani? Kibe tumtoe?"

Wote walimgeukia.

"Mwandikeni wa kwanza," Debra alisema. "Ndiye alizaliwa kwanza."