Mgeni Aliyezibiwa Njia

Mashine ya kupimia ilikuwa ikiisikiliza damu ya mguu wake, shuu, shuu, mara ikakohoa.

"Imezeeka kama mimi," nesi akacheka, akaipiga kofi.

Mama Pasi hakucheka. Alikijua kile kikohozi; hakikuwa cha mashine.

Miaka tisa nyuma, kwenye meza ya pasi katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli, miguu ilimshinda hata akakaribia kufukuzwa. Yeye aliyewaongoza akina mama wenzake katika dua akaenda kwa mganga, kwa siri. Mganga alimchanja chini ya goti, akamtilia humo mgeni, pepo wa kumbeba. "Siku ukimchoka, muage kwanza. Asipoagwa hatoki." Tangu hapo alisimama kutwa bila kuchoka. Lakini mshipa ukavimba, ukajisokota kutoka pajani hadi kifundoni kama kamba, ukawa unawaka moto.

Sasa amelala kitandani hospitalini, yu macho, mguu umekufa ganzi. Daktari alikwisha kumweleza: uzi wa leza unaingia gotini, unapanda hadi kinenani, kisha unavutwa kushuka pole pole huku ukiuunguza mshipa na kuuziba. Hakuna kisu, jioni uko kwako.

"Kabla sijawasha, mama, kuna lolote hukutuambia?"

Nje ya mlango wifi yake alikuwa akimchekesha mlinzi. Wifi huyo akijua, mtaa mzima umejua.

"Hakuna, daktari."

Aibu! Wengi wetu, Mungu atusamehe, tumekubali ituvunje mgongo kuliko kuitua.

Leza ikalia. Harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa kooni, na sauti nyembamba, ambayo hakuisikia kwa masikio bali kwenye mfupa, ikamwambia, "Mwambie asubiri, uniage," naye akafumba mdomo akaanza dua kimoyomoyo, dua ikamkwama palepale penye jina la Mungu, na mlio ukashuka kidogo, na njia ya juu ikawa imeshazibwa, na kile kitu kikageuka ndani ya paja lake, ganzi na yote, kama mtu anayegeuka ndani ya shimo jembamba, kikakimbia kushuka mbele ya moto, kikilia, "Miaka tisa nimekubeba, leo unanizika hai?" naye akazidi kuyabana meno, mpaka daktari akauchomoa uzi.

"Tumemaliza. Hakuna kitakachopita humo tena," daktari akasema kwa furaha. "Ganzi itakwisha saa kumi."

Nesi alipokuwa akimvisha soksi ya kubana, Mama Pasi akanong'ona, "Nenda salama, nisamehe."

Kutoka chini, kwenye kifundo, akajibiwa: "Niende wapi? Ngoja ganzi iishe."

Kwenye korido wifi akapiga kigelegele. "Miguu ya bi harusi hiyo! Kaka yangu mwaka huu atalala mlangoni akikulinda!"

Mama Pasi akamshika mkono, akamketisha benchini, akamwambia yote, kwa sauti ya chini, bila kujipunguzia kosa hata moja. Wifi hakucheka. Aliuliza jambo moja tu.

"Umesema saa kumi?"

Saa ya ukutani ilikuwa kumi kasoro dakika tano. Wakatazama chini. Vidole vya ule mguu, ambavyo mwenyewe hakuvihisi hata kidogo, vilikuwa vikigonga sakafu, taratibu, kimoja baada ya kingine, kama vya mtu aliyechoka kungoja.