Pindo Lililobaki Ukutani

Ijumaa, saa moja na dakika kumi asubuhi, bango la tamasha la kanga lilikutwa limekatwa kwenye ukumbi mmoja wa Dunda. Lilikuwa moja tu, la kuchorwa kwa mkono mfano wa kanga, lenye pindo na mji, na Jumatatu lilikuwa liende kuchapwa. Mji wote wa katikati haupo: jogoo mwekundu, herufi nyeusi nene, na jina la mshindi wa shindano la kuchora bango, Mina. Pindo la korosho za manjano lilibaki ukutani, zima.

Kamati ilimtaja Kombo, aliyeshika nafasi ya pili. Alikuwa na kisu cha karatasi, na juzi alisema mbele za watu kwamba jogoo yule ni mtetea. Kosa likimthibitikia, kibanda chake cha mabango kinafungwa.

Walimwomba Bi Hafidha achunguze. Yeye ni mchapaji, tena mama yake Mina. Bango lenyewe lilichorwa mezani kwake, siku tatu, na Mina na shoga yake Zuhura.

Kombo aliapa kwamba jana alilala Fukayosi, ukweni. Mkwewe akapigiwa simu, akathibitisha na kulalamika kwamba kijana alimaliza wali. Mlinzi wa ukumbi naye alisema hakumfungulia mtu ila Zuhura, jana saa kumi na mbili jioni, aliyesema amesahau mtandio.

Hafidha akapitisha kidole kwenye mkato. Kisu kimezunguka pembe nne bila kugusa hata mkia wa korosho. Mwenye husuda hachagui pa kukata. Huyu amelihurumia pindo, na aliyelichora Hafidha alimjua.

Zuhura akaitwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mji uko wapi?"

"Nimeuchoma." Akatazama ukutani. "Pindo sikuweza. Ni langu."

"Mina alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Alitaka tuandike majina mawili. Akasema mama amekataa, karatasi itajaa."

Kamati nzima ikamgeukia Hafidha. Kweli alisema hivyo, rula mkononi, kwa sauti ya fundi. Ila moyoni alitaka jina la mwanawe lisimame peke yake.

"Kombo, tuwie radhi," alisema. "Zuhura, kukata ni kosa lako, na utalichora upya na mwenzio. Kukunyima jina ni kosa langu."

Akatoa rula mkobani, akapima pengo palipokuwa na jina. Sentimita thelathini na mbili. Majina mawili yangeenea, na nafasi ingebaki.