Umbali wa Barabara

Jumapili moja mwishoni mwa Machi, Melvina Bartle alikuwa jikoni akimenya viazi. Mumewe, Selwyn, alikuwa mezani akijaza fomu zao za kodi ya mapato. Walikuwa wamehama kijiji cha Cuffer miezi saba nyuma na kuja Port Ansell, ng'ambo ya ghuba, baada ya Melvina kupata kazi katika nyumba ya kulelea wazee.

Kilichomnyima Melvina raha ni mama mkwe wake. Bi Drusilla alikuwa bado Cuffer, peke yake. Majira ya baridi alianguka kwenye barafu, na sasa alitembelea magongo. Alikuwa tayari kuja kuishi nao, lakini mlango wao ulikuwa na ngazi tisa. Mbao za kujengea njia ya mteremko zilitaka dola mia saba, na hawakuwa nazo.

"Gharama za kuhama umeziandika?" Melvina aliuliza.

"Hazituhusu. Lazima uwe umesogea karibu na kazi kwa kilomita arobaini. Kutoka Cuffer mpaka hapa ni kumi na moja."

"Kumi na moja kwa vipi?"

"Kwa mashua. Kwa vipi tena?"

Melvina akarudi kwenye viazi vyake. Watu wa Cuffer wote walipima hivyo, naye alizaliwa hukohuko.

Mara jirani yao Thelma akaingia na mkate wa moto. Huko hodi ni ya wageni tu. Thelma alikuwa amefanya kazi kwa mhasibu miaka ishirini, na macho yake yalitua kwenye fomu kabla hata hajaweka mkate chini. Selwyn akamweleza habari ya zile kilomita kumi na moja.

"Selwyn, ndugu yangu," Thelma alisema, "lori lililoleta vitu vyenu lilikuja likielea?"

Melvina aliangua kicheko. Selwyn alinuna.

"Watu wa kodi wanapima kwa njia fupi kabisa ambayo umma hutumia kwa kawaida," Thelma aliendelea. "Feri huku hatuna. Mashua yako ni yako. Haya, Melvina, kutoka nyumba ya zamani hadi kazi mpya ni kilomita ngapi kwa barabara?"

"Themanini na sita. Nilipakata saa ya ukutani njia nzima, siwezi kusahau."

"Na kutoka nyumba hii hadi kazini?"

"Tatu."

"Toa."

"Themanini na tatu!"

"Umepita ile arobaini mbali kabisa. Kazi ni yako, basi gharama ziandike kwenye fomu yako. Zinatolewa kwenye mapato ya kazi hiyo mpya tu. Zikizidi, mwaka ujao utazitumia zilizobaki. Mwajiri alikurudishia chochote?"

"Hata senti."

Melvina akaleta kopo la biskuti lenye risiti. Thelma alizichambua. Lori, ndiyo. Chumba walicholala siku mbili, ndiyo. Kuunganishiwa umeme, ndiyo. Mapazia mapya, hapana. Rangi waliyopaka nyumba ya zamani ili iuzike, hapana.

"Na safari zetu za kuja kutafuta nyumba?" Selwyn aliuliza.

"Hizo sahau."

"Kwa hiyo hizi nyingine watatulipa zote?"

"Zote wapi! Zinapunguza mapato yanayotozwa kodi. Kodi ikipungua, mlichokatwa zaidi kinarudi. Risiti msizitume. Zitunzeni miaka sita, maana wanaweza kuziulizia."

Selwyn akachukua kifutio, akafuta sifuri aliyokuwa ameiandika.

Walituma fomu kabla ya tarehe thelathini Aprili. Mwezi Mei zikarudi dola mia saba na arobaini. Selwyn na kaka yake walipigilia mbao Jumamosi mbili.

Mwezi Juni Selwyn alimwendea mama yake kwa gari. Mama akagoma.

"Kilomita themanini na sita za mashimo? Wapite hao watu wa kodi. Mimi nataka mashua!"

Ikabidi Selwyn arudi kuichukua mashua. Jioni Bi Drusilla alipanda mteremko taratibu, gongo moja, gongo la pili. Melvina alimfuata kwa nyuma, mikono tayari. Hakuhitaji kumshika.

Mlangoni mama alisimama kuvuta pumzi.

"Mbao mmezipiga vizuri," alisema. "Sasa niambieni, chumba changu ni kipi?"