Polisi wa Chuma wa Keko

Asubuhi hiyo Jovina alikuwa anampa mwanawe chai. Kikombe cha bati kilipogusa kidole cha Hope, kikalia ngaa, kama bati limegonga bati.

"Umevaa pete?"

"Hapana, mama."

Jovina akamshika mkono. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa baridi kama bomba la alfajiri, na hakikukunjika. Alikisugua kwa mafuta ya nazi, akamwambia asiwe analalia mkono, akamhimiza aende shule. Mjane mwenye biashara na mtoto hana nafasi ya kushangaa kabla jua halijapanda.

Biashara yenyewe ilikuwa kibanda umiza, banda la kuonyesha filamu, nyuma ya nyumba yake Keko, katikati ya mafundi samani. Kilikuwa chumba cha mabati chenye mabenchi, runinga kubwa, spika mbili, na mapazia meusi yaliyozuia jua hata saa nane mchana ndani kukawa giza totoro. Lakini watu hawakufuata runinga, maana runinga kila mtu anayo kwake. Walifuata sauti ya Hamoud. Huyu alikuwa mjukuu wa Bi Zubeida, mwenye duka la vitambaa vya makochi hapo mbele, wa ukoo wa Kiarabu uliofanya biashara Temeke tangu enzi. Hamoud vitambaa hakuvitaka. Alitaka maiki. Alitafsiri filamu papo hapo, picha ikiwa inakwenda, na kila mtu kwenye picha akampa jina la mtu wa mtaani. Jambazi mkuu akawa dalali wa viwanja, mlevi akawa fundi makochi fulani, na wenye majina ndio walikuwa wa kwanza kucheka.

Jana yake alikuwa ameleta filamu ya polisi wa chuma. Mji wa miaka ijayo, moshi mtupu na minara mirefu, kampuni moja imenunua serikali na polisi wake. Askari mmoja anauawa. Kampuni inauokota mwili, inaufunga ndani ya chuma, inaurudisha barabarani utii amri.

Hamoud alimtazama yule askari, akamkumbuka askari mmoja tu ambaye Keko nzima ilimpenda.

"Oyaa, wana Keko! Mnamjua huyu? Si mwingine, ni Afande Adelard! Walidhani wamemmaliza! Adelard hafi, Adelard anabadilisha bodi tu!"

Banda likalipuka kwa makofi.

Adelard alikuwa mume wa Jovina. Aligongwa na lori akiwa kazini, akazikwa kwao Muleba. Jovina alikuwa nje anakaanga mihogo aliposikia jina la marehemu linapigiwa mbinja. Mwiko ukasimama hewani. Kisha akageuza mihogo. Jina haliumwi, alijiambia, na banda limejaa.

Hakujua kwamba Hope alikuwa amekaa benchi la mbele. Wala hakumwona yule askari wa chuma kwenye picha alipopita mbele ya nyumba yake ya zamani, akasimama dirishani, na Hamoud akaikoleza sauti: "Hope! Hope, mwanangu, uko wapi?"

Mtoto wa kike aliyelelewa vizuri akiitwa na baba yake huitika. Jovina mwenyewe ndiye aliyemfundisha, mara nyingine kwa kofi. Hope akasimama gizani.

"Abee, baba."

Watu wakacheka kidogo, halafu wakaacha.

Hayo Jovina aliyasikia kutoka kwa majirani baadaye, siku ileile ya kidole, mchana, umeme ulipokatika mtaa mzima. Misumeno ya mafundi ilinyamaza. Keko hunuka vanishi na pumba za mbao; mchana ule uani kwake palinuka chuma kilichounguzwa, kama mtu anachomelea geti, na hapakuwa na mtu wala geti. Hope alikuwa amerudi kutoka shule, anaosha vyombo kwenye beseni. Banda lilikuwa tupu, limefungwa kufuli.

Ndani ya banda kitu kikatembea.

Kilikanyaga polepole, kizito, hatua ikifuatwa na mlio mwembamba kama bawaba kavu, na mabati yote yakawa yanatetemeka kila kinapokanyaga, kikaja hadi mlangoni kikasimama upande wa pili, na kutoka kwenye spika zisizo na umeme ikatoka sauti ya Hamoud, ileile ya kwenye maiki, ila imezama chini kana kwamba imesemwa ndani ya pipa.

"Hope."

"Abee," akasema Hope, kabla hata hajageuka.

Sahani ikamponyoka. Mkono wa kushoto, kuanzia vidole hadi kiwiko, ulikuwa umekakamaa ukielekea mlangoni, na Jovina alipoukamata alihisi ndani ya ngozi kitu kinazunguka taratibu, kama feni inayoanza.

"Usiitike! Umenisikia? Usiitike tena!"

"Lakini ni baba."

"Baba yako alikuwa na sauti yake. Hii ni ya Hamoud."

Akambeba mtoto mzimamzima hadi dukani kwa Bi Zubeida. Uzito wake njiani haukuwa wa mtoto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Una nini, mwanangu? Mbona unahema?"

Jovina akauweka mkono wa Hope juu ya meza, ukalia ngaa. Bi Zubeida akavua miwani, akaushika, akavuta harufu yake. Kisha akaita kwa sauti iliyofika barabarani: "Hamoud! Wewe mwana hasara, njoo hapa!"

Walikwenda wote bandani. Bibi akafukiza ubani, akasoma kisomo chake kwa sauti ya chini, mkono kifuani. Jovina, Mkatoliki wa kuzaliwa, alishika rozari na hakuona aibu. Ukiungua hutazami maji ni ya kisima kipi. Moshi wa ubani ulipanda, ukafika kwenye runinga, ukakatika pale kama umefyonzwa. Kioo kikawaka chenyewe. Hakukuwa na picha ya filamu, kofia tu ya askari, na chini ya kofia giza.

"Wewe ni nani?" bibi akauliza.

"Afande Adelard," ikajibu sauti ya Hamoud. Hamoud mwenyewe alikuwa kaziba mdomo kwa mikono miwili. "Nilikuwa natangatanga kwenye mavumbi haya, sina jina, sina mlango. Mmenipa jina. Mmenipa mke na mtoto. Mtoto ameitika. Akiitika mara ya tatu, tunakwenda kazini."

Bi Zubeida akatoka nje ameloa jasho.

"Kisomo changu kinamgusa, lakini ana pa kushika," alinong'ona. "Jini hushika jina. Jina alipewa mbele ya watu, na mbele ya watu avuliwe."

"Nimvue mie, nilimpa mie," Hamoud akasema. "Dada Jovina, wallahi nilikuwa namheshimu afande. Nilitaka watu wamkumbuke."

"Najua. Ita watu."

Hapakuwa na haja ya kuita. Ubani mchana Keko haupiti bila kuulizwa. Mafundi walijaa mabenchi na pumba zao kichwani, wengine wakasimama mlangoni, mmoja kashika nyundo kama itamsaidia. Umeme bado haujarudi, na runinga inawaka. Hope alikaa mbele. Mama yake alitaka asipotee machoni pake.

Hamoud akashika maiki, akafungua kinywa, na kabla hajatoa neno, neno likatoka kwenye spika. Akajaribu tena. Likatangulia tena. Kila alichotaka kusema kilisemwa na kile kitu, kimegeuzwa: Adelard karudi, Adelard hafi, Adelard anawaambia nyie mnyamaze, na Hamoud akabaki anapanua kinywa kama samaki, machozi yakimtoka, maana sauti ndiyo aliyoigawa pamoja na jina na sasa hakuwa na nyingine.

Kioo kikavimba. Mkono wa chuma ukatokeza, unang'aa mafuta, ukashika ukingo wa runinga kama mtu anayetoka shimoni, na hatua zikaanza kusikika tena, na mabenchi yakaanza kutetemeka, na mguu wa Hope ukajinyoosha wenyewe ukakanyaga sakafu kwa pamoja na zile hatua, kishindo kwa kishindo, na Jovina, ambaye miguu yake mwenyewe ilikuwa inamwambia akimbie, alikwenda mbele akamnyang'anya Hamoud maiki.

"Sogea," alimwambia. "Leo natafsiri mimi."

Hakuwa na sauti ya burudani. Alikuwa na sauti ya kuita watoto na kubishana na wauza mihogo.

"Tazameni vizuri," alisema, na spika zikakoroma, lakini hakuna neno lililomtangulia. "Huyu hapa kwenye picha ni chuma. Hana mama. Adelard alizaliwa na Ma Felicitas, Muleba. Huyu hajawahi kuumwa jino. Adelard aliumwa jino siku ya harusi, akasinzia kwenye picha zote."

Fundi mmoja akacheka, kicheko cha woga. Mkono wa chuma ukasita.

"Huyu anaitwa na kampuni anakwenda. Adelard aliambiwa na mkubwa wake awavunjie mama ntilie vibanda, akasema hapana, akahamishiwa barabarani. Nyie mlikuwepo."

"Tulikuwepo!" wakaitika mafundi.

"Adelard amekufa. Nilimwaga udongo kwa mkono huu. Amekufa vizuri, hamilikiwi na mtu. Namvua huyu jina la mume wangu, mbele yenu. Avae lake, kama analo."

Kile kitu kikageuza kofia. Hakikumtazama Jovina. Kilimwinamia mtoto, na sauti ikawa laini, ya kubembeleza, ya baba aliyerudi kazini na mkate.

"Hope. Hope, mwanangu."

Kinywa cha Hope kikafunguka. Jovina aliona neno likiwa tayari ulimini, lile alilolipanda yeye mwenyewe miaka yote. Hakuwa na la kutafsiri tena. Alimtazama tu mwanawe.

Na Hope, mguu wake ukiwa bado unapiga sakafu, akasema neno ambalo nyumbani kwao lingemletea kofi, kumjibu hivyo mkubwa anayekuita.

"Nani?"

"Nani wewe?" akapaza sauti.

Spika zikavuta pumzi. Kitu kikatafuta jina. Kikasema *A*, kikasema tena *A*, kikakwama hapo, kikawa kinasaga hiyo herufi moja kama mashine ya mbao iliyoumana na msumari, mafundi wote wakaanza kupiga kelele, nani, nani, nani wewe, hadi kioo kikapasuka na moshi mweusi ukatoka juu ya mapazia, ukaacha harufu ya chuma, halafu ya vanishi tu.

Hope alikuwa analia, mkono wake umepata joto tena.

Runinga ilikufa. Hamoud yupo dukani kwa bibi yake, anapima vitambaa; sauti ilimrudi nusu, na wateja humsogelea ili wamsikie. Jovina anauza mihogo hadi apate runinga nyingine, na akipata, filamu zitatafsiriwa, ila kwa majina ya watu walio hai, tena waliokubali.

Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakikupona. Kila asubuhi kikombe cha Hope hulia ngaa, na siku nyingine, baada ya mlio huo, kitu kizito hukanyaga nje ya mlango kikasimama.

Mama na mwana hutazamana.

"Nani?" huuliza Jovina.

Hajawahi kujibiwa. Basi huchukua karai lake la mihogo, akaufungua mlango kwa teke, akatoka.