Aliniposa kwa Biashara Yangu

"Kijana wetu si mtu wa mshahara tu," alisema mzee Douglas, msemaji wa upande wa Morris, waliokuja kuniposa. "Ana kampuni. Ukiwa Juba hii ukitaka samaki, ukitaka makaa, unatuma ujumbe WhatsApp, pikipiki inafika mlangoni. Inaitwa Soko Mlangoni."

Nilikuwa nyuma ya pazia na dada yangu Lilly, nimevaa gomesi, gauni langu la sherehe, nangoja kuitwa sebuleni. Niliposikia jina hilo nikasimama.

"Lilly, umesikia?"

"Nimesikia. Si hiyo ni yako?"

Ilikuwa yangu. Niliianzisha niliporudi kutoka ukimbizini Arua, Uganda, bila duka wala ofisi, kwa ukurasa wa Facebook na WhatsApp ya biashara tu. Akina mama wa soko la Jebel wananipa mzigo, wateja wananitumia ujumbe wa sauti, mimi napanga pikipiki. Kitu kimoja tu hakikuwa changu: laini ya simu. Wakati ule sikuwa na kitambulisho cha hapa, kwa hiyo mchumba wangu Morris, Mkenya wa benki, aliisajili kwa pasipoti yake. "Si sisi ni kitu kimoja?" aliniambia, nami nikafurahi.

Asubuhi ya siku hiyo WhatsApp ilikuwa imenitoa. Eti nambari yangu inatumika kwenye simu nyingine. Nilidhani ni mtandao. Sasa nikamwandikia kwa simu ya Lilly:

"Morris, umechukua laini yangu?"

Alijibu hapo hapo, naye ameketi sebuleni mwetu anakunywa soda yetu:

"Bebi, tulia. Nilitoa laini mpya ya nambari ile ile. Kuna watu wa Nairobi wanataka kuweka pesa, lazima waone mwenye kampuni ni mmoja. Tukioana si yote ni yetu?"

"Na mwenye kampuni ni nani?"

"Laini iko kwa jina langu. Usilete vituko mbele ya wazee."

Nilimpenda mwanaume huyu. Alipougua malaria nililala kwenye kiti kando ya kitanda chake. Nilisoma ujumbe ule nikashika pazia nitoke.

"Ngoja wakuite," Lilly alininong'oneza.

Kwetu msichana hatoki mpaka aitwe, aulizwe kama anawajua wageni. Akikubali, ndipo habari za ng'ombe wa mahari zinaanza. Mimi nilitoka bila kuitwa.

"Teresina, bado sisi hatujakuita," alisema baba mdogo Jubek.

"Najua, baba. Muulize Morris hiyo simu anayoificha ni ya biashara ya nani."

Morris akacheka kidogo. "Mzee, ni wasiwasi wa siku ya leo tu. Biashara ni yangu. Yeye hunisaidia kujibu wateja."

"Nakusaidia?"

"Kwani uongo?"

Baba mdogo akanyoosha kidole. "Hiyo simu nalia toka wewe ingia hapa. Kama biashara iko yako, jibu mtu yako. Fungua sauti, sisi wote nasikia."

Morris akamtazama mzee Douglas. Mzee Douglas akaitikia kwa kichwa kumwambia afungue.

"Teresina, binia tai, samaga tai fi wen?" ilitoka sauti ya mteja, mama mzee.

Morris akatutazama. "Anasema nini?"

"Anauliza samaki yake iko wapi," baba mdogo akamwambia. "Mjibu."

Morris hakuwa na Kiarabu cha Juba hata cha kununulia maji. Akabonyeza ujumbe mwingine upesi, ukawa wa dereva wa lori, tena kwa Kiswahili:

"Teresina, mimi iko Nesitu na vitunguu yako. Nani huyo nashika simu yako? Mimi nauliza, yeye nanyamaza!"

Mzee Douglas akavua kofia.

"Morris, ulituambia kampuni ni yako."

"Laini ni yangu, mzee! Kisheria!" Kisha akanigeukia, na hata sauti yake ikabadilika. "Sikiza. Sema ndiyo leo, nakurudishia laini kesho. Ukikataa, naishika. Wateja wako wote wako humu ndani. Utaanza mwanzo kabisa."

Hapo hakudanganya. Jasho langu lote lilikuwa ndani ya simu ile, na ningesema ndiyo tu ingerudi.

Baba mdogo akaniuliza taratibu, kama desturi inavyotaka. "Teresina, unawajua hawa wageni?"

"Mzee Douglas namjua, ni mtu wa heshima. Huyu mwingine simjui. Khalas."

Waliondoka hata chakula hakijapakuliwa. Nililia, sidanganyi, mpaka gomesi ikalowa.

Kesho yake nilikwenda kupanga foleni ya kitambulisho. Nilipokipata, nikanunua laini kwa jina langu na kuweka nywila ninayoijua mimi peke yangu. Ukurasa wa Facebook ulikuwa bado mikononi mwangu, basi nikajirekodi pale Jebel, katikati ya akina mama wangu, nikataja nambari mpya. Wateja wengine walinifuata siku hiyo hiyo. Wengine niliwatafuta nyumba kwa nyumba, jua linanichoma.

Siku moja, nimekaa juu ya gunia sokoni, Morris akaniandikia:

"Tere, tafadhali. Watu wananitukana kwa lugha sielewi. Akina mama wa Jebel wamekataa kuniuzia. Wale wa Nairobi wamejitoa. Njoo uchukue laini, nakupea bure. Bado nakupenda."

Moyo uliruka, nitasema uongo kwa nini? Nilisoma ujumbe tena, kisha nikajibu:

"Ungeniomba tuwe wawili kwenye kazi ile, ningekubali kabla hujamaliza kusema. Wewe ukaamua kuninyang'anya, tena siku ya kuniposa. Usinitafute."

Lilly alikuwa anafunga mzigo kwenye pikipiki. "Ni yule? Anataka nini?"

"Anataka kunirudishia laini."

"Na wewe?"

"Mimi nina laini."