Jeti ya Najma na Vumbi Jekundu

Kila asubuhi Najma alifagia vumbi mbele ya saluni ya mama yake, na kila jioni vumbi lilikuwa limerudi. Vumbi la mtaa wao wa Hewa Bora, Lubumbashi, wakati wa kiangazi ni jekundu, tena lina miguu. Ukilifukuza mlangoni linapitia dirishani, na ukifunga dirisha linakungoja kitandani. Najma alikuwa na miaka kumi na miwili, na majirani walisema kwamba vumbi alilokwisha kulifagia lingejaza mashimo yote ya mgodi wa Kinsevere.

Kitu kimoja tu kilisimamisha fagio lake: ndege. Ilipopita ndege ya kwenda kutua uwanja wa Luano, Najma aliinua kichwa, akasikiliza, akasema ni ya aina gani kabla haijaonekana.

Mtu aliyemfundisha kusikiliza hivyo alikuwa Papa Liévin, jirani wa mlango wa pili. Alikuwa fundi mstaafu wa injini za ndege, na alikuwa na hadithi nyingi kuliko meno. Alipenda kusimulia jinsi alivyoziba tundu la injini kwa bukari, yaani ugali, iliyobaki mezani. Ndege ilifika Kinshasa salama, na rubani, kwa kuwa alikuwa na njaa, aliibandua ile bukari akaila na samaki. Watu wa mtaa walikuwa wamezoea kugawanya hadithi zake kwa kumi, na kilichobaki walikicheka.

Mwaka ule Najma alifaulu mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Mjomba wake, Tonton Souleymane, ambaye hununua bidhaa Dubai na kuziuza Lubumbashi, alikuwa amemwahidi zawadi: ndege ndogo ya jeti inayoongozwa kwa rimoti. Si ile yenye panga linalozunguka puani. Hii ina feni iliyofichwa tumboni, inayovuta hewa mbele na kuitema nyuma, kama jeti za jeshi.

Asubuhi moja picha mbili kutoka Dubai ziliingia katika simu ya mama. Najma aliacha fagio, akakimbilia simu. Rafiki yake Israël, aliyesoma naye darasa moja, akaja kuchungulia begani.

Jeti ya kwanza ilikuwa ya kivita, ya kijivu, na mabawa yake yalikuwa membamba kama kisu. Mdomo wa kuvutia hewa ulikuwa chini ya tumbo, umechorwa meno makali, na magurudumu yake madogo yalijificha yenyewe ikiruka. Ya pili ilikuwa ile ambayo majeshi hufundishia marubani wapya. Rangi yake ilikuwa ya machungwa na nyeupe, mabawa yake mapana yamenyooka, magurudumu yake manene kama maandazi. Midomo yake miwili ilikuwa juu, mabegani.

Kisha ikafuata sauti ya Tonton Souleymane: "Najma mama, félicitations! Muuzaji iko anauliza maneno mbili. Ya kwanza: ulisha kurusha ndege? Ya pili: utakuwa unaishusha wapi, ku goudron, ku lami, ao ku udongo? Unijibu mbele ya saa sita yenu. Kesho narudi, na ndege ni moja tu. Haina kurudisha, haina kubadilisha!"

"Ile ya machungwa iko ya batoto badogo ya maternelle," alisema Israël. "Wataibandika jina Fanta. Ile ya meno njo ndege!"

Najma alisoma maandishi yaliyokuwa chini ya picha ya jeti ya kijivu. Yalisema inafaa kwa anayejua kurusha, na inahitaji lami. Akabonyeza, akasema haraka: "Tonton, nilisha kurusha mara mingi. Na tunashusha ku goudron. Nataka ya meno!"

Israël alimtazama. "Mara mingi? Lini?"

"Si nilishika rimoti ya ndege ndogo ya Papa Liévin?"

"Sekunde kumi na mbili! Na mikono yake ilikuwa juu ya yako! Na goudron iko wapi? Kile kiwanja chake cha kurushia, njia ya Kipushi, hata mbuzi wanapita wakikohoa!"

"Nyamaza," alisema Najma, akachukua simu akakimbia kwa Papa Liévin kumwonyesha.

Mzee alivaa miwani. Najma alingoja hadithi, lakini haikuja.

"Iko muzuri," alisema. "Lakini mama, mbele ya kuchagua ndege, unachagua kiwanja. Sisi hatuna lami. Hii mdomo iko chini, inapumua karibu na udongo. Unataka kujua itakula nini? Enda uangalie séchoir ya nywele ya mama yako, inapumulia wapi. Angalia tu, usiguse."

Najma alisikia maneno yote isipokuwa la mwisho.

Katika saluni, mama yake, Mama Alima, alikuwa ameingia chumba cha nyuma kutafuta pini. Mteja wake, Mama Marie-Thérèse, alikuwa amekaa kwenye kiti, macho amefumba, nywele zake zimepambwa tayari kwa harusi ya saa nane. Najma aliitungua mashine ya kukaushia nywele kutoka kwenye msumari, akachomeka waya karibu na mlango, akachutama nje ya kizingiti. Mbele yake kulikuwa na rundo la vumbi alilolifagia asubuhi.

"Mimi nitasema moja, mbili, tatu," alisema Israël.

Najma aliielekeza nyuma ya mashine kwenye rundo, umbali wa kiganja. Hakufikiri mbele yake inaelekea wapi. Israël aliposema tatu, mashine ilivuta. Rundo likapungua. Likaisha! Papo hapo likatokea upande wa pili, likaruka mlangoni, likatua lote juu ya Mama Marie-Thérèse. Mashine ikakohoa, ikatoa harufu ya kuungua, ikazimika.

"Yesu wangu!" alilia Mama Marie-Thérèse. "Nyumba imeanguka?"

Mama Alima alitoka mbio. Alimwona mteja wake ni mwekundu kuanzia nywele hadi kope. Akaona mashine yake chini. "Nani amefanya hivi?"

Israël alianza kuhesabu mabati ya dari. Najma alifungua mdomo. Kulikuwa na jibu jepesi ambalo Lubumbashi nzima ingelikubali: umeme umekuja na nguvu. Televisheni ngapi zimekufa hivyo, na pasi ngapi! "Mama, ni courant..." alianza. Halafu akamwona Mama Marie-Thérèse akijifuta jicho kwa kidole.

"Si courant. Ni mimi, mama. Nilichukua bila kuomba."

Mama Marie-Thérèse akajiona katika kioo, akaangua kicheko mpaka vumbi likamtoka mabegani. "Alima, nikienda harusi hivi, watasema bwana harusi amealika mgodi mzima!"

"Najma," alisema Mama Alima, "utamuosha nywele wewe mwenyewe, mara tatu, na maji utabeba wewe. Israël, wewe uliyekuwa unahesabu dari, shika ndoo ya pili."

Nywele zilipokwisha kuoshwa, Mama Alima akaanza kuzipamba upya. Najma akampelekea Papa Liévin mashine. Mzee aliifungua kwa bisibisi ndogo, akapiga brashi, likatoka vumbi la kujaza kikombe. Kisha akamwonyesha feni. Panga moja lilikuwa limekatika, na kando yake kilikuwa kimenasa kijiwe kidogo kama punje ya mtama.

"Hii inazunguka polepole," alisema. "Feni ya jeti inazunguka mbio kuliko hii mara nyingi. Ikimeza jiwe, inavunjika pale juu, na wewe uko huku chini unafinya rimoti bure. Halafu jeti inachelewa. Unasukuma rimoti, feni inakusanya upepo kwanza, mbele ya kukutii. Mwenye hajajua kurusha hajui kusukuma mapema. Na yenye mabawa membamba inashuka mbio, tena hapa kwetu hewa iko nyepesi, sababu tuko kwenye nchi ya juu."

Najma aliinamisha kichwa. "Papa, nilishamwambia Tonton kwamba nimerusha mara mingi. Na kwamba tunashusha ku goudron."

"Ah."

"Lakini hata wewe unadanganya, Papa! Na ile bukari?"

Papa Liévin alicheka mpaka miwani ikamshuka. Kisha akaivua. "Sikiliza. Toka nianze kusimulia bukari, umeshasikia fundi mmoja ameziba injini kwa bukari? Hakuna. Hadithi yangu inavaa nguo ya kuchekesha, kila muntu anaijua toka mbali. Ile yako umeivalisha nguo ya ukweli. Tonton atatoa pesa juu yake. Mimi nilidanganya juu ya simba, juu ya mamba, hata juu ya mama mkwe. Lakini mtu akiniuliza juu ya injini yake, sijamdanganya hata siku moja. Injini haijui kucheka."

Saa ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi. Najma alichukua simu, akarekodi: "Tonton, nisamehe. Sijui kurusha. Nilishika rimoti sekunde kumi na mbili. Tunashushia ku udongo, tena udongo wa vumbi. Ununue ya machungwa. Na kama umekasirika, usinunue kitu."

Alama moja ya ujumbe kutumwa ikatokea, kisha ikakataa kuongezeka. Israël aliipulizia simu kana kwamba ni moto wa makaa. Dakika tano. Saba. Alama ya pili ikaja, na simu ikalia.

"Najma! Ile ya meno ilikuwa ndani ya boksi, muuzaji ameshika gundi ya kulifunga mkononi!" Tonton Souleymane alinguruma, halafu akacheka. "Nimemsikilizisha maneno yako. Anasema kila mutoto anayenunuliwa jeti anajiita rubani mukubwa, wewe njo wa kwanza kusema hajui. Amekuongezea feni moja ya akiba."

Jeti ya machungwa ilifika, lakini Papa Liévin hakuruhusu irushwe. Jumapili nne mfululizo Najma alijifunza kwa ndege ya mzee, iliyotengenezwa kwa plastiki nyeupe ya povu inayofungiwa friji mpya, kule njia ya Kipushi, mbali na ndege kubwa za Luano. Iliangushwa mara tisa ikabandikwa gundi mara tisa. Kila mara kabla ya kurusha, Najma na Israël walitembea kiwanja kizima wakiokota mawe. Na kama kuna jambo Najma alilolijua kuliko marubani wote, ni kufagia.

Jumapili ya tano jeti ilipiga mluzi, ikakimbia na magurudumu yake manene, ikapanda. Mtaa mzima ulikuwepo. Iling'aa juu yao kama chungwa lililokimbia mti.

"Geuza taratibu, mama," alisema Papa Liévin. Mikono yake safari hii ilikuwa mfukoni.

Betri ilitosha dakika nne. Najma aliiteremsha, ikagusa udongo, ikarukaruka, ikasimama ndani ya wingu jekundu. Alikimbia akachungulia midomo ya mabegani. Hapakuwa na jiwe.

"Nipe na mimi kidogo," aliomba Israël.

"Ulisha kurusha?"

"Mara min..." Israël alikohoa. "Hapana. Hata sekunde moja."

"Basi kuja, nitaweka mikono juu ya yako. Lakini mbele, ile ya friji."

Jioni, mbele ya saluni, Papa Liévin alikuwa tayari na hadithi. Jeti, alisema, ilipanda mpaka Kinsevere, ikampigia saluti rubani wa ndege ya abiria, ikarudi na kipande cha shaba mdomoni.

"Najma, ni kweli?" aliuliza Mama Marie-Thérèse.

"Ilizunguka kiwanja mara sita, Mama. Halafu ikashuka ikirukaruka mara tatu kama chura."

Papa Liévin alipiga makofi, akasimama ili kila mtu amsikie. "Mumesikia? Mwenye kusema 'sijui' watu wanamfundisha, na mwenye kusema yaliyo kweli watu wanamwachia chombo chao. Toka leo, habari za ndege mumuulize huyu mutoto. Habari za bukari, muniulize mimi."