Kiti Laini cha Ndosho

Rafiki yangu Munezero alicheza mpira kwenye kompyuta hadi mgongo ukamshinda. Mchana mmoja akaenda mtaa wa Ndosho kutafuta kiti cha kitambaa. Muuzaji, mama mmoja mpole, akamkalisha kwenye kimoja kisicho na mikono.

“Hii ni muzuri, mama,” alisema, na umeme ukakatika. Duka halikuwa na dirisha, na mlango ulikuwa umerudishwa. Katika giza lile, mikono miwili ikamkumbatia kiunoni kutoka nyuma, taratibu.

“Mama, ni wewe?”

“Mimi niko huku ku mulango, papa.”

Munezero akajikwamua kwa nguvu, akakimbilia nje. Yule mama hakumtazama. Aliingia, akakiuliza kiti, “Na huyu pia umeshindwa kumushika?”

Akajifungia ndani. Munezero alisikia fimbo ikipiga kitambaa, na mtu mzima akilia, akiomba msamaha.